Kwa Nini Mgeni Huulizwa Habari za Bibi Asiyekuwepo

Zamani, huku kwetu milimani, ukoo ulihesabiwa kwa wanaume peke yao. Mtu aliyeweza kumtaja baba, babu na baba wa babu, hadi kumfikia yule aliyewasha moto wa kwanza katika kilima hiki, alikuwa wetu. Alipewa kigoda, akapewa pombe na shamba. Hakuna aliyemchimba zaidi.

Siku hizo tambiko la ukoo lilishikwa na Mashambo. Mdogo wake, Kazeni, alikuwa ameondoka na wafanyabiashara wa chumvi akiwa kijana, asirudi. Dada yao, Naghenjwa, ndiye aliyebaki akimtaja. Kila akipika, alisema pengine mwenzao naye anakula huko aliko.

Basi akaja mtu mmoja, jina lake Mrutu. Alisema yeye ni mwana wa Kazeni, na kwamba baba yake ni mgonjwa nchi ya mbali, amemtuma kuchukua sehemu yake ya ardhi. Alipoombwa kuwataja wazee, aliwataja mmoja baada ya mwingine bila kukwama. Mashambo akalia kwa furaha. Akamketisha karibu na chungu cha tambiko, mahali ambapo hata wanawe mwenyewe walikuwa hawajaketi.

Naghenjwa hakulia. Alimtazama yule mgeni akila, akitembea, akicheka, akimtafuta Kazeni ndani yake asimwone. Jambo lililomkera zaidi ni yale majina. Watoto wa ukoo walipowataja wazee walibishana, wakasahau, wakacheka. Huyu aliwataja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akiogopa kuteleza.

Alimwambia kaka yake, naye Mashambo akamjibu kwa upole, "Dada, wivu wa shangazi huo. Damu imerudi nyumbani."

Lakini shaka ni kama moshi, haifungiwi chumbani. Wake wa Mashambo wakaanza kunong'ona. Wanawe hawakuacha tena majembe nje usiku. Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akijiuliza ni nani mwingine aliyeingia humu kwa ulimi.

Siku ya kugawa shamba ilipofika, Naghenjwa alimletea Mrutu kibuyu cha togwa mbele ya watu wote. Akakaa karibu naye.

"Mwanangu," akasema, "bibi yako Nakiete, yule aliyemzaa baba yako, alikuwa na mguu mmoja mfupi. Baba yako alikusimulia?"

"Alinisimulia sana, shangazi," akajibu Mrutu. "Alimpenda mno bibi."

Mashambo akaweka fimbo yake chini, maana mama yao hakuitwa Nakiete, wala hakuwa na mguu mfupi. Katika ukoo mzima hapakuwahi kuwa na Nakiete.

"Kaka yangu yuko hai?" akauliza Naghenjwa.

Mrutu akakisogeza kibuyu kando. "Nilimzika mwenyewe," akasema. "Tuliishi nyumba moja. Kila jioni aliwataja wazee wake ili asiwasahau, nami nilikuwa nasikia. Mimi sina kwetu."

Naghenjwa ndipo alipolia. Ndugu yao alikuwa udongoni, hajaliliwa, hajamwagiwa pombe, huku wao wakidhani ni mgonjwa tu. Siku ile ile walinyoa nywele wakaomboleza. Wengine walitaka Mrutu apigwe. Mashambo akakataa, kwa kuwa huenda ni kweli mikono ile ndiyo iliyomfumba Kazeni macho. Huenda pia ilimfanyia jambo jingine kabla ya hapo. Hakuna aliyeshuhudia, na hadi leo hatujui. Walimpa chakula cha njiani, wakamsindikiza hadi mpakani, wakasimama pale mpaka alipopotea machoni.

Na tangu siku hiyo, ukoo wetu huhesabiwa kwa mama pia, na majina ya mama zetu hayatajwi mbele ya wageni. Mtu akija akisema ni ndugu, wanaume hukaa kimya, na wanawake ndio humuuliza. Humkaribisha vizuri, humpa chakula, kisha humtajia bibi ambaye hakuwahi kuwepo. Mgeni wa uongo humkumbuka bibi huyo, tena kwa mapenzi makubwa. Aliye wetu husema tu, "Huyo simjui."