Mgongo Mlaini wa Ndahani

Mgongo huota ngozi, upote hauoti. Asubuhi mmemsikia bibi yenu akimtupia maneno hayo kijana aliyerudi bila kuni kwa sababu njia ina miiba na shati lake ni jipya. Mkacheka vizuri sana, kisha mkanijia hapa kuuliza upote ni mdudu gani. Si mdudu. Upote ni uzi wa upinde, na maneno haya yana mwenyewe. Yalizaliwa hivi.

Huko Itigi kuna vichaka ambavyo hata nyoka akitaka kupita huomba radhi kwanza. Matawi yamesukana kama nywele za mtu aliyelala matanga, na miiba imepinda ili ukiingia ikukaribishe, ukitaka kutoka ikuzuie. Wawindaji wa zamani walivipita kwa namna moja tu. Mtu akifika ukingoni aligeuka, akaukumbatia upinde kifuani kama mtoto, akaingia kinyumenyume, mgongo ndio upasue njia. Ungemwona ungecheka: alifanana na mkwe anayeondoka mbele ya mama mkwe akiogopa kumpa kisogo. Lakini upinde ulitokea upande wa pili ukiwa mzima. Mwenyewe alitoka amechanika, akapakwa mafuta na majivu, akaendelea na safari yake.

Mzee Chomola alikuwa na mgongo wa kazi hiyo. Ulikuwa kama chungu kilichokwaruzwa ukoko na wajukuu wenye njaa. Mwanawe, Ndahani, hakuutaka mgongo kama huo. Wake ulikuwa mlaini, aliupaka mafuta ya ng'ombe mpaka ukang'aa, na siku za ngoma wasichana waliutungia wimbo. Kusifiwa ni kutamu, msinidanganye kwamba ninyi hamkupendi. Na aliyekuwa akiuanzisha wimbo ule ni Mbeleje, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake.

Kisha mvua zikakataa. Zilikataa mwaka huo, zikakataa na uliofuata. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, wakaliwa, na ngozi zao zilizokuwa za kulalia zikachemshwa zikaliwa nazo. Majirani wenye nguvu za miguu walihama. Katika tembe ya kina Ndahani wakabaki Mzee Chomola, ambaye macho yalikuwa yamezimika, Ndahani, Mbeleje, na mtoto wao mchanga, Madeha, aliyekuwa akinyonya ziwa lisilotoa kitu. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia. Mama yake alimwambia Ndahani kwamba akipata nyama, hata mchuzi wake tu, maziwa yatarudi. Asipopata, basi.

Ulikuwapo upinde mmoja, wa Mzee Chomola. Upote wake ulisokotwa kwa kano, na kano hizo hutolewa mgongoni mwa mnyama mkubwa. Sasa hesabuni wenyewe: mnyama hapatikani bila upote, na upote haupatikani bila mnyama. Mzee alimkabidhi mwanawe ule upinde kwa mikono miwili, akamkumbusha namna ya kuingia kichakani. Ndahani akaitika, kama mnavyoitika ninyi mkiambiwa jambo mnalolijua.

Alipata nyayo za tandala, zikamwongoza hadi kwenye kichaka chenyewe. Alisimama ukingoni. Hapakuwa na mtu wa kumwona wala wa kumcheka, lakini tabia haihitaji watazamaji. Aliitazama miiba ile, akahisi mgongo wake ukisisimka. Akawaza kwamba upinde ni mti mgumu na yeye ni nyama laini, iweje laini iulinde mgumu? Akautanguliza mbele kama ngao, akasukuma nao matawi huku na huku, akapita nyuma yake. Alitokea upande wa pili bila hata mkwaruzo. Alijipapasa mabega, akafurahi, maskini.

Tandala alikuwa pale, kwenye tope lililokuwa dimbwi zamani. Dume zee, mbavu nje, analamba unyevu. Karibu kiasi kwamba hata mimi na macho yangu haya nisingemkosa. Ndahani alipachika mshale, akavuta, na katika kuvuta kule alimwona Mbeleje akinywa mchuzi, akamwona Madeha akimeza.

Upote ukakatika. Ulimchapa shavuni, mshale ukadondoka miguuni pake. Tandala aliinua kichwa, akamtazama, kisha akaondoka taratibu. Hakukimbia. Alikuwa ameona kwamba hakuna cha kukimbia.

Ndahani alibandua gome la mti, akalisokota, akalifunga kwenye upinde. Gome likanyumbuka, na mshale uliotoka hapo ukaanguka karibu kama mate ya mtoto. Akajaribu tena na tena, mpaka nyayo za tandala zikapotea kwenye mawe. Ndipo akarudi nyumbani.

Mbeleje alimwona mikono mitupu. Alimgeuza yule mtoto aelekee ukutani, kama mtu anayemkinga asione. Mzee Chomola ndiye aliyeomba upinde na ule upote uliokatika. Alizipapasa ncha mbili za upote, kisha akapitisha kidole kwenye kamba yake yote, polepole.

"Haukukatika kwa uzee," alisema. "Hapa umeumwa. Na hapa. Na hapa. Sogea, mwanangu. Geuka."

Ndahani akageuka. Mkono wa mzee ukamshika begani, ukashuka hadi kiunoni, ukapanda tena ukitafuta. Haukukuta kitu. Ulikuwa mgongo uleule ulioimbiwa.

"Mlaini," alisema mzee.

"Nisamehe, baba."

"Mimi nikusamehe nini? Miiba ilikuwa lazima itafune kitu, nawe ndiye uliyechagua itafune nini. Mgongo huota ngozi, Ndahani. Upote hauoti."

Hakupaza sauti. Angeipaza ingekuwa nafuu, kwa maana mtu akikukaripia bado anadhani kuna kitu cha kuokoa. Mbeleje aliyasikia maneno hayo akiwa ameelekea ukutani. Ndahani alimsogelea, akataka kumshika, akajibiwa kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliyeuimba huo mgongo," alisema. "Niache kidogo, Baba Madeha."

Madeha alikufa usiku huo, kabla jua halijachomoza. Alizikwa karibu na zizi tupu, na shimo halikumchosha mchimbaji.

Mvua zilikuja baadaye, kama kawaida yake, zikinyesha kwa wingi na bila aibu. Waliohama walirudi. Hao ndio waliosimulia jambo walilolikuta. Walimwona Ndahani kwenye kile kichaka cha Itigi, akiingia kinyumenyume, mikono ameikunja kifuani kama anayelinda kitu. Alitokea upande wa pili damu zikimtiririka mgongoni. Walidhani amebeba upinde. Walipomkaribia wakaona kifuani hakuna upinde, hakuna kitu chochote. Alivuta pumzi, akageuka, akaingia tena.

Mzee mmoja alitaka kumzuia. Akamwita, akamwambia atajiua kwa miiba. Ndahani alijibu akiwa tayari ndani ya matawi, na hayo aliyojibu ndiyo yaliyobebwa kijiji hadi kijiji, mpaka yakamfikia bibi yenu, naye leo akayatumia kwa ajili ya shati.

Kwa hiyo chekeni, mimi siwazuii, kijana na shati lake wanachekesha kweli. Lakini mkimaliza kucheka, mwendeeni, mwende naye kuni. Mgongo huota ngozi. Upote hauoti.