Kuku wa Nakijwa

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe wa kuchorwa. Wa kweli hakuwa naye hata mmoja. Jina lake Senkondo, mtu wa milima ya Upare. Nguvu zake zote zilikwisha katika zizi la misheni, akikamua ng'ombe wa watu. Wazungu wa misheni walipofunga virago, ng'ombe waliwauza, na yeye wakampa picha iliyokuwa ukutani kwao, picha ya zamani ya rangi ya mafuta juu ya kitambaa, yenye fremu nzito ya mbao. Ndani yake alikuwamo dume jeusi, majike mawili, punda na kondoo kadhaa, na pembeni chini, karibu na hori la maji, kuku mwekundu akidonoa. Senkondo aliibeba kichwani mpaka kwake. Watu walimcheka njiani, naye alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma.

Watoto wake walikuwa watatu. Elinihaki, wa kwanza, alikuwa na duka la saruji na mabati mjini Same. Kiangi, wa pili, alikuwa seremala ng'ambo ya bonde. Wa mwisho, Nakijwa, aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba yake. Ndiye aliyemwosha mzee alipoanguka kitandani, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akafua mashuka. Kaka zake walikuwa wakija sikukuu, wanaleta sukari, wanapiga picha na mzee, wanaondoka. Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu kama ninyi na mimi.

Senkondo akafa. Siku ya kumaliza matanga watani wakaja, kama ilivyo desturi. Mnawajua watani kwenye msiba. Wanavaa koti la marehemu, wanadai nyama, wanamsema maiti kwa uvivu wake, wala hakuna wa kukasirika, maana kazi yao ni kuwafanya wafiwa wacheke. Mmoja wao, mwanamume mwenye domo, akapanda stuli mbele ya ile picha akatangaza kwamba anagawa mirathi. Dume na majike ni wa Elinihaki. Punda na kondoo ni wa Kiangi, ila punda asilazwe na njaa. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo Nakijwa, aliyekuwa amekaa chini mkekani, akauliza yeye anapata nini. Mtani akaitazama picha juu na chini, akamwambia achukue yule kuku. Wakacheka tena. Nakijwa hakucheka, kwa sababu siku zote zile za msiba hakuna aliyekuwa ametamka kwamba na yeye ana fungu katika nyumba ile, isipokuwa huyo mtani.

Sasa, utani wa msibani huishia msibani. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Anayetoka nao pale akaufanya sheria, huyo ana jambo lake analitafuta.

Mwaka uliofuata mgeni mmoja aliiona picha ile akasema vitu vya namna hiyo vina watu wanaovisaka. Kaka wawili wakachangamka. Wakaipiga picha kwa simu, wakatangaza kwamba inauzwa, ya zamani kweli, ya wanyama wa shambani, tena haijaguswa. Haukupita muda akaja mnunuzi kutoka Arusha, mzee mpole mwenye biashara ya vitu vya kale. Akaishusha ukutani, akaipangusa kwa leso, akaitazama muda mrefu. Alipotaja bei, Kiangi alitafuta mahali pa kukaa. Kisha mnunuzi, ambaye alikuwa ameshaponzwa na magomvi ya ndugu huko nyuma, akauliza wenye picha ni akina nani. Elinihaki akajibu kwamba ni wao wawili.

Nakijwa alikuwa anaingia na chai. Akaweka sinia mezani, akasema, "Kaka, na kuku wangu yumo humo."

Alisema polepole tu, bila ugomvi. Mnunuzi akawaambia wakubaliane kwanza, yeye atarudi Jumamosi.

Kaka wawili wakatoka wakasimama migombani. Kiangi alisema wampe chochote, dada yao huyo, jambo lenyewe dogo. Elinihaki akasema si dogo. Hofu yake haikuwa bei ya kuku. Akikiri mbele ya mnunuzi kwamba Nakijwa ana fungu katika picha, mbele ya ukoo atakana vipi kwamba ana fungu katika nyumba na migomba? Na Nakijwa wala hakuwa anatafuta fedha. Alitaka wamtaje. Alitaka isemwe kwamba watoto wa Senkondo ni watatu, si wawili na mwanamke wa kuleta chai. Kiangi alilijua hilo vizuri sana, akanyamaza. Alikuwa mtu asiyependa ugomvi, na watu wasiopenda ugomvi wamefanya maovu mengi katika dunia hii.

Wakapata njia. Kwa kuwa mtani alimpa kuku, basi apewe kuku, mkononi kabisa, asiwe na neno tena juu ya vingine. Kiangi, fundi, akaitoa picha kwenye fremu, akaibana juu ya meza kwa viganja vyake. Elinihaki akachukua wembe. Akakata pembe ile ya chini kuzunguka kuku, kipande kisichozidi kiganja. Rangi ilikuwa imekauka miaka mingi. Ikapasuka, ikamomonyoka, ikaenda na mguu wa punda. Wakamwita dada yao kutoka jikoni, wakamkabidhi mbele ya majirani, wakamwambia fungu lake ndilo hilo, limekamilika.

Nakijwa alikipokea kipande kile kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kwa wakubwa wake. Akakitazama. Akakifunga kwenye pindo la khanga. Nami nawaambia wazi, sijui uchungu unaoupita ule, wa mtu kupewa kidogo ili asihesabiwe. Asubuhi yake akafunga mlango wa nyumba aliyomuuguzia baba yake, akampelekea Elinihaki ufunguo, akashuka tambarare kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge.

Jumamosi mnunuzi akaja. Alipoliona lile tundu alivua miwani. Elinihaki akamweleza haraka haraka kwamba dume lipo, majike yapo, kilichotoka ni kuku tu. Mzee yule akamjibu kwa upole kwamba zizini ukimtoa mnyama mmoja, waliobaki ni wazima. Kwenye picha ukimtoa mmoja umewaharibu wote. Hata fremu hakuitaka. Akawaaga, akawasha gari, akaenda.

Elinihaki akaitundika sebuleni kwake, maana kuitupa aliona haya. Nimekaa katika sebule ile. Wageni wanaingia, wanaamkia, wanapewa soda, na macho yao hayaendi kwa dume. Kila mmoja anauliza hapo pembeni palikuwa na nini. Hata mimi niliuliza, sikuwa najua. Akaniambia palikuwa na kuku. Halafu akasema hapana, palikuwa na dada yetu, akalia mbele yangu, mtu mzima na mvi zake.

Baadaye akaugua, ugonjwa wa kitandani, akarudi mlimani katika nyumba ya baba yao pamoja na ile picha. Akamtuma Kiangi amtafute Nakijwa arudi nyumbani, na aje na kile kipande, kigandishwe pahali pake. Kiangi alimkuta kwenye kambi ya mkonge, amezeeka kabla ya wakati wake. Hakumtukana. Alimuuliza hali ya mgonjwa, akampikia chai, akasikitika kweli kweli. Kisha akaleta khanga akaifungua pindo. Kipande kilikuwapo, lakini kuku hakuwapo. Kwa kukunjwa na kukunjuliwa, rangi yote ilikuwa imebanduka, kimebaki kitambaa kitupu chenye doa jekundu. Akampa kaka yake. Kiangi akamsihi wapande wote basi, akamwambia nyumba ni yake, migomba ni yake, wamekosa.

"Mwambie kaka fungu langu nilishapewa," Nakijwa akasema, "mlisema wenyewe limekamilika."

Kiangi akapanda mlimani peke yake. Elinihaki alikishika kitambaa kile mkononi siku nzima, akikigeuza huku na huku, na usiku wa siku hiyo akafa. Walimzika mwezi wa mvua. Nakijwa hakuja.

Ndugu zangu, mmenisikia. Leo mkitoka hapa wengine wenu mnakwenda moja kwa moja kwenye vikao vya mirathi, najua, nawaona mlivyovaa. Nawauliza neno moja tu: katika nyumba zenu, ni nani mliyemkata, mkasema mmempa fungu lake?