Tarumbeta la Mzee Kapilima

Tegeni sikio, wadogo kwa wakubwa. Kesi hii naileta kwenu ikiwa haijaamuliwa.

Mzee Kapilima wa Tabora alipiga tarumbeta harusini mpaka ugonjwa wa Parkinson ulipomshika. Mikono ikatetemeka, sauti ikafifia, pumzi ikawa fupi. Alikuwa na watoto watatu. Mrisho alikuwa na masikio makali. Hidaya alizijua dawa za baba kuliko daktari alivyomjua baba mwenyewe. Nyamizi, kitindamimba, alikuwa na nguvu za wanaume wawili.

Siku ya posa ya Nyamizi, watoto waliona haya. Mate humtoka baba, wageni watasemaje? Wakamlaza chumba cha ndani, wakasema kasafiri.

Mrisho alifunga mlango. Hidaya aliahirisha dawa, asionekane akipita na maji. Nyamizi alinong'ona, "Baba, tafadhali, usikohoe."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akajizuia.

Wageni wakicheka, Mrisho alisikia pumzi nyuma ya mlango: fupi, ya juujuu, kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Akaufungua.

Nyamizi alimwinua baba, akamketisha wima, akamwegemeza kifuani pake. "Kohoa, baba! Kohoa tu!"

Hidaya alijua kwamba dawa ikiisha nguvu, hata misuli ya kifua hukakamaa. Akapita na maji katikati ya wageni. Kikohozi kilipotulia, akamnywesha kidonge taratibu. Baada ya muda kifua kililegea, mzee akavuta pumzi ndefu.

Mshenga alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe safari yenyewe ni ya chumbani!"

Hakuna aliyecheka.

Mzee aliomba tarumbeta lake lishushwe ukutani. Akasema kwa sauti ndogo, "Aliyenirudishia pumzi, achukue."

"Mpe Mrisho," alisema Hidaya. "Asingesikia, tungekuwa tunachimba kaburi."

"Mimi niliyefunga mlango? Mpe Nyamizi."

"Niliyemkataza kukohoa?" Nyamizi alilia. "Mwenye dawa ni dada."

"Dawa niliyoichelewesha," Hidaya akajibu, macho sakafuni.

Mzee bado amelishika. Mikono inatetemeka, tarumbeta linamlemea, na hakuna anayelipokea.

Haya, ninyi mliosikia yote: aliyesikia, aliyeinua, au aliyetibu? Semeni upesi, kabla halijamponyoka: alipokee nani?