Shahidi wa Bi Sukaina

Wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, walitusimulia kwamba katika mji wa Basra wa zamani alikuwako mjane mmoja mchamungu aitwaye Unaisa. Riziki yake ilikuwa kuwahudumia vikongwe majumbani mwao. Akiwaogesha, akiwalisha, akiwageuza ubavu, akiwafulia nguo ambazo watoto wao wenyewe waliziba pua kuzigusa. Kazi hiyo, ndugu zangu, tuisikie tu hivihivi.

Asubuhi alianzia kwa Bi Hababa, mwanamke mwenye ulimi wa upupu. Uji ukiwa mwepesi huuliza, "Huu umeupika au umeukosha?" Ukiwa mzito husema huo ni udongo wa kumzikia. Unaisa hucheka, akampangusa kidevu, akaendelea na kazi. Kisha huenda kwa Bi Sukaina, na huko ndiko ulikokuwa mtihani wake.

Bi Sukaina alikuwa amewasomesha Kurani wasichana wa mtaa mzima. Uzee ulipomfika ukamfutia kila kitu kidogo kidogo. Alisahau majina ya wanawe, alisahau kama amekula. Kitu kimoja tu kilikataa kufutika, nacho ni swala. Kila baada ya kitambo angeuliza, "Mwanangu, nimeswali?" Akiambiwa ameswali, husema, "Alhamdulillahi. Wewe ndiwe shahidi wangu mbele ya Mola wangu," akatulia. Akiambiwa bado, basi aletewe maji atawadhishwe, na viungo vyake vilikuwa vikavu, kila kiungo kikitaka kubembelezwa. Ilikuwa kazi ya muda mrefu.

Bi Hababa alipopata habari alimwambia Unaisa, "Unajitesa bure, bibi wee. Aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi. Mwambie ameswali, upumzike."

"Nitafikiri, mama," alijibu Unaisa. Wala hakuwa na haja ya kufikiri, kwa kuwa hakuwa amepata kumdanganya hata siku moja.

Sasa, Unaisa alikuwa na kaka yake, Dhakwani, aliyemlea tangu walipofiwa na wazazi, akimtafunia chakula kama ndege na kinda lake. Miaka mingi walikuwa hawajaonana. Siku moja, jua likiwa limeshapinduka, alikuja mtu nyumbani kwa Bi Sukaina na salamu: msafara wa Dhakwani umetua kwenye lango la mashariki, unaelekea Khurasani, na ikiadhiniwa alasiri utang'oka. Dhakwani amekabidhiwa mizigo ya watu, hawezi kuiacha. "Anasema, njoo dada yangu tuagane. Huenda tusionane tena duniani."

Unaisa akainuka kwa furaha. Bi Sukaina alikuwa amelala. Akajitanda ushungi, akafika mlangoni, na hapo ndipo kile kisauti kikamwita kutoka kitandani.

"Mwanangu, nimeswali adhuhuri?"

Hakuwa ameswali. Unaisa akatazama nje, kivuli cha ukuta kimeshaanza kurefuka. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Akasema, "Umeshaswali, mama."

"Alhamdulillahi. Wewe ndiwe shahidi wangu mbele ya Mola wangu."

Akatoka mbio. Akapita soko la watia rangi, akapita msikiti, na maneno ya yule mzee yanamfuata nyuma. Akajiambia kama alivyoambiwa na Bi Hababa: kalamu imeinuliwa kwake, yule haandikiwi. Akafika mahali anaona lango kwa macho yake, na ngamia bado wamepiga magoti. Hapo akasimama. Kweli, alisema moyoni, huenda yeye haandikiwi. Je, na mimi? Mimi kalamu yangu imeinuliwa na nani?

Akalia pale pale njiani, watu wakimpita. Kisha akageuka, akalipa lango mgongo.

Alipoingia akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Nimekuambia uongo. Hujaswali."

Bi Sukaina akamtazama kwa upole. "Uongo gani, mwanangu? Lini?"

Subhanallah! Alikuwa ameshasahau. Hakuna kiumbe ambaye angelijua.

Unaisa akaleta maji. Akamwosha uso, akaibembeleza mikono ile, akamkalisha kuelekea kibla. Bi Sukaina alikuwa anatoa salamu ya mwisho ilipoadhiniwa alasiri, na upande wa mashariki zikasikika kengele za ngamia zikienda, zikienda, hata hazikusikika tena.

"Mbona unalia?" akauliza mzee.

Unaisa akamweleza. Bi Sukaina akatokwa na machozi, akainua mikono yake inayotetemeka: "Ewe Mola, mrudishie kaka yake." Baada ya kitambo akamtazama tena. "Mwanangu, macho mekundu hivyo, unalia nini?" Ingekuwa rahisi kusema vumbi. Lakini alikuwa amejikwaa ulimi siku ile, na maumivu yake anayajua. Akamweleza upya. Na yule mzee akalia upya kama kwamba ndiyo kwanza anasikia, akainua mikono upya. Ikawa hivyo jioni ile, na kesho yake, na kila siku alipoiona huzuni usoni mwake, mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua mja wake huyo.

Bi Hababa alipoelezwa alifoka, "Mjinga we!" Lakini siku ile uji hakuutia kasoro.

Mwaka uliofuata mtu alibisha hodi kwa Unaisa. Alikuwa Dhakwani, amekonda, na mzigo wake begani. Wakakumbatiana mpaka majirani wakatoka. "Sikukaa Khurasani," akasema. "Kila mji niliotua, moyo ulikataa kutua. Dada, uliniombea dua gani?"

"Mimi niliomba kidogo, kaka, nikakata tamaa," akasema Unaisa. "Aliyekuombea ni mtu aliyekuwa akisahau kila mara kwamba ameshaomba."

Enyi ndugu zangu, majumbani mwetu wamo wazee waliobakiwa na ndimi zetu tu kuwa kumbukumbu yao. Wakituuliza, tuwajibu kweli, hata kama watasahau baada ya kitambo. Wao wanasahau, lakini Mola aliyetuweka tuwe mashahidi wao hasahau. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli. Amina.