Pete ya Mpishi wa Meli

Sogeeni. Atakayejifanya amelijua jibu kabla sijamaliza, atoke nje akapunge upepo. Hadithi hii haina mjinga wala mwovu, na ndiyo maana ni ngumu.

Palikuwa na mama mmoja Tanga, Bi Mwanasha, mkunga mstaafu, na binti zake watatu. Salha, wa kwanza, alikuwa karani wa mahakama. Ukimpa karatasi ataisoma mpaka yale maandishi madogo ya chini, yanayoandikwa ili yasisomwe. Raya, wa pili, alikuwa msusi. Ukimpa kichwa cha mtu, kabla hajafika utosini ameshaujua ukoo mzima. Zuleha, kitinda mimba, alikuwa mwalimu wa michezo. Hakuwa msomaji wala msemaji, lakini alikuwa na mgongo.

Baba yao, Mbaruku, alikuwa mpishi wa meli. Miaka arobaini na moja iliyopita aliugua homa safarini, akashushwa kisiwani, akafia huko, akazikwa na watu wasiomjua. Zuleha alikuwa bado tumboni. Barua ya msiba ilifika miezi mitano baadaye.

Mwaka huu daktari alisema moyo wa Bi Mwanasha umechoka, na ndege asipande. Binti zake wakamuuliza anataka nini.

"Nataka kumsalimia baba yenu," akasema. "Hata mara moja."

Ndipo wakaipata meli ya watalii inayozunguka visiwa vitatu. Kisiwa cha tatu kilikuwa kile cha kaburi. Meli ingesimama pale tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, basi.

Salha akakichukua kijitabu cha ziara za nchi kavu. Kilikuwa na makobe, fukwe na kitu kilichoitwa "ngoma za asili". Makaburi hayakuwemo, pepo haiuzwi na makaburi ndani yake. Lakini chini kabisa akaona kwamba meli haifiki gatini, abiria hushushwa kwa mashua, na walionunua ziara za meli hutangulia. Wengine husubiri hadi saa tano. Basi akawakatia wote ziara ya makobe, wapate mashua ya kwanza.

"Bibi atawafurahia sana makobe," akasema binti wa dawati la ziara pale melini.

"Kobe namjua, mwanangu. Kwetu anapita uani."

"Mama, nyamaza," Salha akanong'ona.

Raya yeye alishika simu miezi miwili kabla ya safari. Alianza na duka la mikate la kisiwani, wakamtuma msikitini, msikitini wakamtuma kwa fundi cherehani mmoja, Bi Zalia. Marehemu baba yake Bi Zalia ndiye aliyemwosha na kumzika Mbaruku. Kiswahili cha kule na cha kwetu si kimoja, ila vilikutana njiani.

"Njooni dukani kwangu saa nne," Bi Zalia akasema. "Kaka yangu atawapandisha kilimani kwa gari. Msichelewe, saa tano anapeleka watu harusini."

Siku ya kisiwa cha tatu ikafika. Walishuka na mashua ya kwanza, wakawaaga wenzao wa makobe, wakafika dukani saa nne kamili kwa saa ya Salha. Duka limefungwa. Saa ya ukutani pale msikitini ilisema saa tano. Meli hufuata saa ya bandari ilikotoka, na kisiwa kilikuwa mbele kwa saa moja.

"Haikuandikwa?" Raya akauliza.

"Iliandikwa. Ukurasa wa tisa." Salha alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilidhani wanawaambia Wazungu."

Gari lilikuwa limeshaondoka. Raya hakulia, alibisha mlango wa jirani, akasalimu, akasifu mkeka uliokuwa unasukwa, na kikombe cha chai hakijapoa alikuwa amejua. Bi Zalia alisubiri, akachoka, akapanda kilimani kwa miguu kuwangoja kaburini. Aliacha neno: wageni wa amana hawaachwi.

Kilima kilikuwa kikali, njia ya mawe na miiba. Bi Mwanasha alikitazama, akaketi chini.

"Hapa panatosha," akasema. "Nitamsalimia kutoka hapa."

Zuleha akachuchumaa mbele yake. "Panda, mama."

"Mimi mzito, Zuleha."

"Uliponibeba mimi uliuliza uzito? Panda."

Alimpandisha mpaka juu. Njiani kiatu kimoja kilikatika, akakiacha hapo hapo.

Kaburi lilikuwa duara la mawe meupe, bila jina. Bi Zalia alimwamkia Bi Mwanasha, kisha akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na pete ya fedha.

"Baba alimvua wakati wa kumwosha," akasema. "Akasema hii ni amana, mwenyewe atakuja. Alipokufa akaniachia mimi."

Bi Mwanasha aliivaa. Akaweka kiganja juu ya mawe.

"Mbaruku," akasema, "ulichelewa kurudi. Nimekufuata."

Kisha akawageukia binti zake. "Pete hii aliivua mgeni, naye akaitendea haki. Mimi nitavuliwa na mmoja wenu siku yangu, na atakayenivua, pete ni yake. Na awe yule aliyenifikisha hapa. Ni nani?"

"Bila mimi," akasema Salha, "tungekuwa bado melini tunasubiri zamu."

"Bila mimi," akasema Raya, "tungekuwa tunasalimia mawe ya mtu mwingine."

Zuleha alikuwa anatoa mwiba kwenye kisigino. "Bila mimi angesalimia kutoka chini."

Msiniambie wangeachiana kwa upole. Wanaompenda mama hawaachiani mama.

Honi ya meli ikalia. Bi Mwanasha akazungusha pete kidoleni, hakutaja jina. Hakutaja melini, wala Tanga. Miezi minne baadaye, alfajiri, moyo ukasimama.

Sasa amelazwa. Maji yamewekwa, sanda imekatwa, wanawake wameshusha pazia. Pete iko kidoleni. Binti watatu wamesimama, hakuna anayenyoosha mkono, na maiti haisubirishwi.

Usiniambie "wote watatu". Kidole ni kimoja. Wewe hapo mlangoni, na wewe unayetazama sakafu: mwoshaji amewageukieni ninyi, anauliza pete aivue nani. Mnamwambiaje?