Pimbi Aliyekataa Kuzima Moto

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi alikuwa bado anaaminiwa kutunza vitu vya watu, aliishi pimbi mmoja kwenye jabali lililo juu ya mto. Mnamjua pimbi, wanangu? Mdogo, mnene, hana mkia, na ukimwona kajianika juani utadhani hana shida yoyote duniani. Huyu wetu alikuwa na shida moja tu, nayo ilimtosha. Alimtamani mama yake.

Mama alikaa ng'ambo ya mto, kwenye mawe alikomzalia. Kila alfajiri Pimbi alipanda juu ya jabali na kutega masikio, na sauti ya mama ilivuka maji ikamfikia: kraa, kraa, kraaa. Ndiyo salamu ya mapimbi. Naye akajibu. Lakini mwaka huo sauti ilikuwa imekonda. Siku nyingine alitega masikio mpaka jua likapanda, asisikie kitu, akashuka kuteka maji.

Mtaniuliza, si avuke? Mto ulikuwa na mwenyewe, Kiboko, na Kiboko hakuvusha mtu bure. Nauli yake ilikuwa kapu zima la mtama. Na mtama wa Pimbi wote ulikuwa unakwenda kwenye upatu.

Walicheza upatu watu wanne: Fisi, Nyati, Kiboko na Pimbi. Kila msimu kila mmoja alitoa kapu lake, na makapu yote akapewa mmoja wao. Msimu mwingine akapewa mwingine, mpaka zamu izunguke. Kijumbe alikuwa Fisi. Yeye ndiye aliyekusanya, yeye ndiye aliyegawa, na yeye ndiye aliyepanga zamu: kwanza Fisi, kisha Nyati, kisha Kiboko.

"Na mimi je?" Pimbi aliuliza.

"Wewe wa mwisho, dada. Tumbo lako dogo, unaweza kusubiri."

Zamu ya mwisho ikaangukia mwisho wa mwaka, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Katika bonde lile, Siku ya Mwaka kila nyumba ilizima moto wake wa zamani, ikafagia jiko na kumwaga majivu njia panda. Kisha Fisi aliwasha moto mpya na kila mtu akaenda kuchukua kijinga cha moto. Hakuna aliyethubutu kuwasha moto mpya huku wa zamani ukiwaka mahali, maana walisema nyumba yake itaungua. Na cha mwaka wa jana, walisema, kimekwenda na majivu. Ugomvi umekwenda. Madeni nayo yamekwenda.

Mmeshaona mchezo? Zamu ya Pimbi ikifika, wakubwa walianza kuvuta maneno. Kesho. Keshokutwa. Mara majivu yameshamwagwa, na Fisi anajifuta mdomo. "Mwaka mpya, mambo mapya, dada. Tunaanza upya, na wa kwanza ni mimi."

Kila mwaka Pimbi alipanga vijiwe vitatu sakafuni. Hiki kapu la nauli. Hiki kapu la mama, kwa kuwa haendi kwa mama mikono mitupu. Hiki mbegu ya kuanzia mwaka. Alivipanga vizuri sana, mtu akiviona angesema huyu mambo yake yamenyooka. Ila juu ya vijiwe hapakuwa na kapu hata moja.

Mwaka huo, alfajiri ile aliyokosa kabisa kusikia sauti, alikwenda kwanza kwa Nyati.

"Shikamoo, mjomba. Zamu yangu imefika."

"Marahaba. Nenda kwa Kiboko, akitoa yeye na mimi natoa."

Akashuka kwa Kiboko.

"Akitoa Nyati," alisema Kiboko, akapiga mwayo.

"Mzee, mama yangu amenyamaza kule."

"Basi lete kapu nikuvushe. Mkopo sina."

Siku ya Mwaka ikafika. Majiko yote yakazimwa, baridi ikatanda bondeni, watoto wakaanza kulia njaa. Fisi akapita nyumba kwa nyumba kukagua mpaka akafika jabalini. Akaona moshi unatoka ufani, kwenye mpasuko wa jabali uliokuwa mlango wa Pimbi.

"Dada Pimbi, zima moto, mwaka umekwisha."

"Haujaisha," Pimbi alijibu kutoka ndani. "Zamu yangu ni ya mwaka huu na sijapewa. Nitazima nikipewa."

"We, usituchezee na mila."

"Mila ndiyo hiyo, kijumbe. Moto wa zamani ukiwaka, mwaka ni ule ule."

Fisi akatia mkono ufani, ukakwama begani. Nyati akaja akapiga jabali kwa pembe, gu, gu, gu, akaondoka kichwa kinamuuma. Ufa ule ulikuwa wa kupita pimbi tu.

Kucha kutwa wakakaa chini ya jabali, wanatazama moshi, hawana cha kupikia. Na Pimbi ndani hakuwa na raha. Kuni zilikuwa chache. Akachoma kijiti baada ya kijiti, akachoma ufagio, akachoma na kigoda. Halafu mvua ya rasharasha ikapenya ufani, chii, moto ukafa.

Pimbi akakaa mbele ya jiko. Akamkumbuka mama alivyokuwa akiwalaza wote pamoja siku za baridi, mtoto juu ya mtoto, na yeye mwenyewe juu ya wote. Harufu ya manyoya yake ilikuwa ya jiwe lililopigwa na jua. Ni miaka mingapi hajaisikia? Akainamia jiko akalia, na pumzi ya kilio chake ikapeperusha majivu, tifu, yakatoka ufani.

Huko nje akamsikia Fisi akinung'unika. "Bado anakoka huyo. Angalia moshi ule."

Kilio kikakatika. Pimbi akachota majivu kwa viganja na kuyapuliza, tifu. Akasikiliza.

"Kaongeza kuni," alisema Nyati kwa huzuni.

Basi, wanangu, kuanzia hapo alipika moshi usio na moto. Anapuliza kidogo, anapumzika, anapuliza tena. Wakati wa kupumzika alitoa kichwa kwenye tundu la upande wa mto na kumwita Kiboko.

"Mzee Kiboko, una njaa?"

"Usiniulize."

"Ukitoa kapu lako la upatu, nitakulipa kapu hilo hilo nauli. Umepoteza nini?"

Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri huchukua muda. "Sijapoteza kitu," alisema mwishowe.

"Ila sivuki mpaka makapu yote matatu yawe mgongoni kwako."

Kiboko akapanda bondeni akiwa amevimba. "Mimi nimeshatoa langu," aliwaambia wenzake. "Nani anayetukalisha na njaa hapa?" Nyati akasema kama Kiboko ametoa na yeye anatoa, kwani neno lake ndilo lilikuwa hilo. Fisi akabaki peke yake, na watoto wake wanamvuta masikio wakiuliza mwaka utaanza lini. Akaleta kapu lake, analitazama njia nzima.

Pimbi akapuliza majivu kwa mara ya mwisho, akachomoka kwa tundu la mtoni na kurukia mgongoni kwa Kiboko. Walipofika maji ya katikati akageuka na kuita:

"Kijumbe, mimi uchungu wa kuuzima moto wangu siuwezi. Tafuta mwenye mkono mwembamba auzime."

Fisi akamtuma mwanawe mdogo, ambaye bega lake lilipita. Mtoto akapapasa jikoni, akatoa kiganja kijivu.

"Baba, jiko limepoa. Lina maji."

Fisi akalinusa lile jivu, kisha akatazama mto. Makapu matatu yalikuwa yanapanda ukingo wa pili.

Ng'ambo, Pimbi akamwachia Kiboko kapu lake na kukimbia mawe kwa mawe huku anaita. Hakuna aliyejibu. Alimkuta mama amejikunja kwenye jiwe la jua, amekuwa mdogo kuliko yeye, macho yamefunikwa na ukungu, koo halitoi sauti. Mama akainua pua, akanusa. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa taratibu.

"Nimekuletea mtama, mama. Kapu zima."

Mama hakuliulizia kapu. "Uliponyamaza miaka yote hii," alinong'ona, "nilidhani umekufa."

"Nilikuwa nakujibu kila siku," Pimbi alimwambia, mdomo ukigusa sikio lake.

"Masikio yangu yalitangulia kuondoka," mama alisema, "nami nikaendelea kuita tu." Akajisogeza na kumpa nafasi kwenye jiwe. Pimbi akapanda, akalala juu yake kumkinga na upepo, nacho kilio alichokikatiza kule jabalini kikamalizika hapo.

Hadithi imefika ilipokuwa inakwenda, nayo inasema hivi: dai zamu yako mapema, maana wale unaowawekea akiba nao wanazeeka.