Kibuyu Alichokikataa Khaemba

Nianze? Nyamazeni kwanza! Haya. Hapo kale, kale iliyozaa kale zangu, mlima ule ukiwa haujui jembe, alikuwako mtu. Naye nani? Khaemba! Semeni kwa sauti. Khaemba!

Khaemba akicheka, kuku wanakimbia. Alikuwa bingwa wa mieleka kabla hajaokoka, na alipookoka akawa bingwa wa kuokoka. Usicheke, Simiyu, nawe unaelekea huko huko.

Wakristo siku hizo walienea mkeka mmoja, na hawakuwa na mahali pa kusalia. Ule mlima mkavu, wenye upepo mzuri, ulikuwa wa Mzee Wekhanya, mpenda pombe ya wimbi na mpenda mzaha. Siku moja akawaambia, "Mnasema Mungu wenu amewaondolea kiu ya pombe? Nileteeni mtu mmoja akae nasi kwenye mtungi, tangu jua la utosi mpaka ng'ombe warudi. Asipokunywa, mlima ni wenu, jengeni kanisa. Akinywa, nisiwaone tena huko juu."

"Mimi!" akasema Khaemba, hata hawajaulizana. "Mimi hapa!"

Kukhu Nakhumicha, bibi kizee aliyewafundisha wote kusali, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, usiende. Mungu hashindaniwi kwenye mtungi."

"Nitaenda."

"Basi nenda na mwenzako."

"Wa nini? Naenda peke yangu."

"Basi chukua kibuyu hiki cha maji. Jua ni kali, na wewe ukianza kusema hukomi."

Weee! Khaemba akaruka. "Nibebe maji kama mtoto wa kuchunga mbuzi? Wanicheke? Kukhu, siogopi mtungi, siogopi Wekhanya, siogopi mtu! Roho atanitosha."

Akaenda. Akaenda mikono mitupu, akaenda kifua mbele.

Wakamketisha kwenye duara, mtungi katikati, mirija mirefu kila upande, na mmoja ukimwelekea yeye. Khaemba akahubiri. Jua likachoma, akahubiri. "Sema, Khaemba, sema!" wakamwambia, naye kichwa kikavimba, akapaza zaidi. Wakampa njugu za chumvi. Akatafuna, akahubiri. Enhe, mnaona anakokwenda?

Koo likakauka. Sauti ikawa ya chura. Akaomba maji.

"Maji?" akasema Wekhanya. "Kwangu leo hakuna maji. Si ulisema huna kiu?"

Khaemba akaushika mrija. "Nalowesha midomo tu," akasema. "Mimi ni mimi. Tone moja litanifanya nini?"

Ng'ombe waliporudi walimkuta kalala kando ya mtungi, anaimba nyimbo za mieleka. Mlima ukaenda hivyo, wanangu. Hata leo inaniuma!

Wakristo wakalia. Kukhu hakulia. Alipanda kwa Wekhanya na kibuyu chake kichwani, akasimama mbele ya walevi wote.

"Kaa na mlima wako! Hatukuja kuulilia. Tutasali kule bondeni kwenye matope, na utatusikia mpaka kitandani kwako!"

Wakajenga hapa hapa, na wakaimba mpaka Wekhanya akakosa usingizi.

Na Khaemba? Alijificha kwa aibu. Hata kisimani hakuonekana. Kisha Jumapili moja ya mvua watu wakamkuta amechuchumaa mlangoni pa kanisa. Kukhu akaja, matope mpaka kwenye vifundo. Khaemba akamwomba kile kibuyu, akamnawisha miguu.

"Nilikosa, Kukhu," akasema. "Nilisema Roho atanitosha, kumbe ndiye aliyenitumia maji kwa mkono wako."

"Basi yabebe sasa," akasema Kukhu.

Akayabeba. Akawanawisha wote waliomcheka, mvua hadi mvua, mpaka akazeeka. Huyo ndiye babu yangu mzaa baba, na sioni haya kumtaja!

Basi sikieni. Ukiomba msaada, kisha mtu anayekupenda akakwambia beba maji, beba. Usimwambie Mungu akuletee msaada mwingine wa kukupendeza.

Nami kisa nimekitua, kigoda kinanichosha. Simiyu! Wewe uliyenuna asubuhi kwamba kanisa letu liko matopeni, na ukakataa zamu yako ya kunawisha watu miguu mbele ya wenzako. Kibuyu kile pale. Watu wanakuja.